Mzazi na Mwanawe: Je, Dinosaria Walikuwako Nakuru?

Mtoto wa darasa la nne arudi nyumbani kutoka shuleni, katika mtaa mmoja wa mji wa Nakuru, ameshika kitabu alichoazima kwa mwenziwe. Ndani yake mna picha ya mnyama mwenye shingo ndefu kama mlingoti na miguu mfano wa magogo. Amwendea babaye, ambaye ametoka kazini sasa hivi na bado hajavua viatu, amwuliza: "Baba, huyu ni dinosaria. Mwalimu asema waliishi Afrika. Je, mifupa yao imo katika shamba letu?"

Baba hana jibu. Aweza kufanya mojawapo ya mambo matatu. Aweza kumwambia mtoto aache upuuzi, aende akachote maji. Aweza kusema "Ndiyo" ili ampendeze, au "Hapana" ili amnyamazishe, hali hajui lolote. Au aweza kusema, "Sijui, mwanangu, njoo tutafute." Njia mbili za kwanza ni nyepesi, lakini ya kwanza humfundisha mtoto kuwa kuuliza ni kosa, na ya pili humfundisha kuwa neno lolote lafaa kuwa jibu maadamu limetamkwa na mkubwa. Makala ya juma hili yamkusudia mzazi atakaye kuifuata njia ya tatu.

MNYAMA MWENYEWE

Jina la dinosaria latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mjusi wa kutisha. Lilitungwa mwaka 1842 na mtaalamu wa Uingereza aitwaye Richard Owen. Jina limedumu, lakini si sahihi sana, kwa kuwa wanyama hao hawakuwa mijusi. Wala si wote waliokuwa wakubwa. Wengine hawakumzidi kuku. Walianza kuonekana duniani yapata miaka milioni 230 iliyopita. Yapata miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa kutoka angani liliipiga dunia mahali palipo nchi ya Mexico leo, na baada ya msiba huo wakatoweka. Hapana mwanadamu aliyepata kumwona hata mmoja wao akiwa hai.

Yafaa mtoto aambiwe wazi kwamba hawa si mazimwi wa hadithi za jioni. Zimwi la hadithi halikuacha mfupa. Dinosaria waliacha mifupa, meno, mayai na nyayo, na vitu hivyo vyaweza kushikwa, kupimwa na kulinganishwa na mtu yeyote mwenye shaka.

Tawi moja la ukoo wao halikutoweka, nalo ni ndege. Mzazi aweza kumshika kuku wa nyumbani akamwonyesha mwanawe magamba ya miguu, vidole vitatu vilivyoelekea mbele, na jinsi anavyotembea kwa miguu miwili huku mwili umelala mbele. Umbo hilo ni la zamani sana. Heroe wa ziwa Nakuru na kanga wa msituni nao ni wa jamaa hiyo hiyo. Basi mtoto akiuliza kama dinosaria wako Nakuru, babaye aweza kucheka kidogo na kumwambia kwamba jamaa zao wanataga mayai nyuma ya jiko. Lakini swali la mtoto lilihusu mifupa ya kale iliyomo ardhini, nalo lastahili jibu kamili.

JINSI MFUPA UGEUKAVYO JIWE

Mnyama afapo porini, fisi na tai humla, na jua na mvua humaliza kilichobaki. Aghalabu baada ya miaka michache hapana dalili yake. Lakini mara moja moja mzoga huangukia mtoni au kando ya ziwa, tope likaufunika upesi kabla haujaharibika. Miaka hupita. Tope jipya hulala juu ya lile la zamani, tabaka juu ya tabaka, kama nguo zilizokunjwa sandukuni. Maji yapitayo ardhini huchukua madini na kuyaacha ndani ya vitundu vya mfupa, hata mfupa ukawa mzito na mgumu kama jiwe, wala umbo lake halikupotea. Kitu cha namna hiyo huitwa kisukuku.

Katika sanduku la nguo, iliyo chini ndiyo iliyotangulia kuwekwa. Matabaka ya ardhi nayo ni vivyo hivyo, isipokuwa mahali ardhi ilipopasuka na kupinduka. Kwa hiyo mtaalamu wa visukuku haanzi kwa kuuliza, "Mfupa huu ni wa mnyama gani?" Huanza kwa kuuliza, "Umetoka katika tabaka lipi?"

Umri wa tabaka nao hujulikanaje? Hapa volkeno, ambazo watu huziogopa, huwa msaada mkubwa. Ndani ya zaha na majivu ya volkeno mna madini ya potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo agoni. Zaha ikiwa bado ya moto, agoni hutoroka. Ikiisha kupoa, agoni itokeayo hufungiwa ndani ya jiwe. Mtu akiona ndoo tupu imewekwa chini ya bomba lidondokalo, aweza kujua imekaa hapo muda gani kwa kupima maji yaliyomo. Mtaalamu naye hupima agoni iliyokusanyika pamoja na potasiamu iliyobaki, akajua ni miaka mingapi tangu jiwe lile lipoe. Mfupa ukiwa kati ya tabaka mbili za majivu, umri wake nao uko kati ya umri wa tabaka hizo.

HATUA MIA MOJA NA HAMSINI

Mamilioni ya miaka ni maneno matupu kwa mtoto, na kwa watu wazima pia. Dawa yake ni kutembea. Mwalimu au mzazi atafute uwanja mrefu au njia iliyonyoka. Mtoto asimame mahali pamoja, mahali hapo paitwe "leo", kisha aende akihesabu. Kila hatua iwe miaka milioni moja.

Kabla hajainua mguu, atazame kwanza upana wa kidole chake kimoja. Ndani ya upana huo mna kilimo chote, ng'ombe wote waliopata kufugwa, vyuma vyote vilivyofuliwa, na vitabu vyote vilivyoandikwa.

Sasa na apige hatua moja. Amefika kwa watu waliochonga mashoka ya mawe ya Kariandusi, karibu na Gilgil, yapata miaka milioni moja iliyopita. Apige hatua tano zaidi. Hapo yuko Baringo, katika milima ya Tugen, ambako mwaka 2000 Kiptalam Cheboi, mmoja wa kikosi cha Brigitte Senut na Martin Pickford, aliona mabaki ya kiumbe aliyepewa jina la Orrorin tugenensis. Umri wake wapata miaka milioni 6, naye ni miongoni mwa wa kale kabisa wanaodhaniwa kuwa wa ukoo wa binadamu.

Kisha mtoto aendelee, na aendelee sana. Atakapofika hatua ya 66 ndipo atakapowakuta dinosaria wa mwisho. Akitaka kumfikia yule mwenye shingo ndefu aliyemwona kitabuni, hana budi kuendelea mpaka hatua ya 150. Hapo ageuke nyuma amtazame babaye aliyebaki penye "leo". Atakuwa amejifunza kwa miguu yake jambo ambalo maneno hayawezi kulieleza.

JIBU LA SWALI

Kutoka hapo mtoto aweza kujijibu mwenyewe. Mawe na udongo uonekanao juu katika sehemu za Nakuru, toka Menengai hadi Elmenteita, umetokana na volkeno na matope ya maziwa ya kale, na sehemu kubwa yake ni ya hatua chache za kwanza tu. Hata zaha za kale kabisa za Bonde la Ufa hapa katikati hazifiki nusu ya njia ya kwenda hatua ya 66. Chini sana ya zaha hizo mna miamba mingine, lakini hiyo iliwatangulia dinosaria kwa mamia ya mamilioni ya miaka, tena imepikwa na kukandamizwa kwa joto la ardhi. Kumtafuta dinosaria katika shamba la Nakuru ni sawa na kutafuta barua za babu katika sanduku lililonunuliwa juzi. Si kwamba babu hakuandika, bali barua zake hazikuwekwa humo. Yamkini dinosaria walikanyaga nchi iliyokuwa hapa zamani zao, lakini udongo wa siku zao haukubaki.

Katika nchi ya Kenya miamba ya zama za dinosaria iko mahali pengine. Huko kaskazini kabisa, katika vilima vya Lapurr karibu na Lokitaung, magharibi ya ziwa Turkana, mifupa yao imepatikana. Lakini mahali palipo mashuhuri zaidi katika Afrika Mashariki yote ni Tendaguru, nchini Tanzania.

KILIMA CHA TENDAGURU

Tendaguru ni kilima kilichoko bara ya bandari ya Lindi. Mwaka 1906, nchi hiyo ilipokuwa chini ya Wajerumani na moto wa vita vya Maji Maji ulikuwa haujazimika, mhandisi wa madini aitwaye Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa mno ikitokeza ardhini. Mwaka 1909 Makumbusho ya Berlin yalituma wataalamu, Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi ya kuchimba iliendelea hadi mwaka 1913.

Walioshika majembe na sururu ni Waafrika, na hesabu yao wakati mmoja ilifika yapata 500. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu mwenye macho makali na mkono mtulivu, ambaye wageni walimtegemea katika kuifunua mifupa pasipo kuivunja. Mifupa hiyo ilifungwa mizigo, ikachukuliwa vichwani na mabegani mwendo wa siku nne mpaka Lindi, kisha ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Uzito wa mizigo yote ulizidi tani 200.

Mmoja wa wanyama hao, aitwaye Giraffatitan, kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Kimo chake chapita mita 13. Twiga wawili wakisimama mmoja juu ya mwenziwe hawamfikii kichwani. Yuko huko hata leo, na huko Tanzania watu wamekuwa wakijadiliana kama mifupa ya Tendaguru irudishwe nyumbani. Boheti naye alipata heshima yake kwa kuchelewa. Mwaka 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii, ili Boheti akumbukwe. Karibu karne moja ilikuwa imepita tangu alipoianza kazi ile.

TOKA TENDAGURU HADI NAKURU

Iko njia iliyoiunganisha Tendaguru na Nakuru, na wenyeji wengi wa hapa hawaijui. Mwaka 1924 Makumbusho ya Uingereza nayo yalituma msafara Tendaguru, mkuu wake akiwa William Cutler. Pamoja naye alikwenda kijana mzaliwa wa Kabete, Louis Leakey. Kazi ilikuwa nzito na nchi ilikuwa na homa nyingi. Cutler mwenyewe alifariki huko mwaka 1925. Lakini kabla ya hapo Leakey alikwisha kujifunza kwake namna ya kuufunua mfupa mwepesi wa kuvunjika, kuukaza, kuufunga na kuusafirisha.

Elimu hiyo aliyoipata kwa dinosaria ndiyo aliyokuja nayo katika Bonde la Ufa. Mwaka 1926 alianza kuchimba sehemu za Nakuru na Elmenteita, akitafuta mabaki ya watu wa kale. Mwisho wa miaka ya 1920 msafara wake uliyapata mashoka ya mawe ya Kariandusi. Mwaka 1937 na 1938 mkewe, Mary Leakey, alichimba Hyrax Hill, mwendo mfupi tu kutoka mjini Nakuru, akafunua makaburi na makao ya watu waliokaa hapo zamani. Mahali hapo pote pawili pana makumbusho, na mtoto aweza kupatembelea.

Kwa hiyo Nakuru haina dinosaria, lakini elimu ile ile iliyowafunua dinosaria imefanya kazi hapa muda wa karibu miaka mia moja. Mtoto wa Nakuru atakaye kuwa mtaalamu wa visukuku hana haja ya kungoja mpaka afike Berlin. Mlango wa shule yake uko Hyrax Hill.

KITU NA MAHALI PAKE

Liko jambo moja katika elimu hii ambalo lawahusu wakulima wenyewe, si watoto peke yao. Chukua mfano wa mkulima wa sehemu za Gilgil ambaye plau yake yafukua jiwe jeusi, ling'aalo kama chupa, lililochongwa pande zote mbili. Laonekana zuri. Alipeleka nyumbani, watoto walichezea, mwisho mmoja wao aliuza kando ya barabara kwa senti chache. Aliyelinunua aliweka juu ya kabati katika nchi ya mbali.

Ni nini kilichopotea? Jiwe lingaliko, wala halikuvunjika. Kilichopotea ni habari yake. Hapana tena ajuaye lilitoka tabaka lipi, lilikuwa pamoja na mifupa ya mnyama gani, wala juu yake au chini yake palikuwa na majivu gani. Lingaliachwa mahali pake, lingaliweza kueleza ni nani aliyekaa katika shamba lile, na lini, na alikula nini. Sasa ni jiwe zuri lililo bubu. Kitu na mahali pake ni kama barua na bahasha yenye anwani na muhuri wa posta. Karani yeyote ajua taabu ya kupata barua isiyo tarehe, isiyo jina la mwenye kuipeleka.

Kwa hiyo mtu akiona mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa, asilichimbe wala asilichukue. Apatie mahali hapo alama, akumbuke penyewe hasa, na atoe habari upesi kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, au kwa chifu wake ili habari ifike huko. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yamtaka mgunduzi afanye hivyo. Tena si sheria tu, bali ni faida ya watoto wake. Mambo mengi ya Afrika yameandikwa na wageni kwa sababu wenyeji hawakujua kuwa walichokikanyaga kilikuwa na maana.

KAZI YA NYUMBANI

Mzazi atakaye kumwanzisha mwanawe hahitaji fedha. Achukue debe au sanduku, aweke tabaka la mchanga, juu yake tabaka la majivu ya jikoni, juu yake udongo mwekundu. Katika kila tabaka afiche mifupa ya kuku iliyokaushwa. Kisha ampe mtoto kijiko, brashi kuukuu, penseli na daftari, amwambie achimbe polepole. Sharti liwe moja: mtoto asiutoe mfupa wowote kabla hajaandika uko katika tabaka lipi, na kuuchora jinsi ulivyolala. Akiutoa kabla ya kuandika, mfupa huo usihesabiwe.

Watoto wengi watashindwa mara ya kwanza, kwa kuwa mkono una haraka kuliko penseli. Mara ya tatu watakuwa wametulia. Kamoya Kimeu, Mkenya mashuhuri katika kazi hii, alianza kama kibarua wa kuchimba. Mwaka 1984, huko Nariokotome karibu na ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha mfupa wa kichwa kati ya changarawe. Kipande hicho kiliwaongoza wataalamu kwenye kiunzi cha kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, nacho karibu chote kilipatikana. Watu wengine wangaliweza kupita hapo wasione kitu. Macho kama hayo hufunzwa, na mafunzo yaweza kuanzia katika debe la mchanga nyuma ya nyumba.

Basi yule baba wa Nakuru, akiisha kuvua viatu na kunywa chai yake, na atoke na mwanawe mpaka njiani wakahesabu hatua. Jua litakuwa limeshuka kabla hawajafika hatua ya 150, na yamkini majirani watauliza wamepotelewa na nini. Mtoto naye atakuwa na swali la pili, gumu kuliko la kwanza. Baba asione haya kusema tena kwamba hajui. Kuuliza si ujinga, na mzazi anayetafuta jibu pamoja na mwanawe hapungukiwi na heshima hata kidogo.